Majina Njiani: Kutoka Mtoni hadi Kizimkazi

Historia ya Unguja imezoea kuandikwa na mtu aliyesimama sitahani. Msimulizi huja na upepo wa msimu, huona bendera na safu ya majumba meupe ya ufukweni, kisha hushuka na kuanza kuandika. Hivyo ndivyo alivyofanya Richard Burton, aliyefika hapa mwishoni mwa 1856 na kuchapisha majuzuu yake mawili juu ya Zanzibar mwaka 1872. Na hivyo ndivyo walivyofanya wengi kabla yake na baada yake. Kwa hesabu hiyo kisiwa huwa ni mji, mji huwa ni kasri, na kasri huwa ni mtawala mmoja mmoja aliyekaa ndani yake. Shamba, yaani kila kilichoko baada ya Ng'ambo, hubaki kuwa kivuli cha minazi na harufu ya karafuu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, habari zake zilienea ulimwengu mzima, na ilistahiki iwe hivyo. Lakini huko shamba kuna kuta zinazodondoka jiwe baada ya jiwe kwa zaidi ya miaka mia, na hakuna anayezitolea tanzia. Makala haya ni ya kuta hizo. Yametokana na safari ya siku moja niliyoifanya peke yangu kwa gari, kutoka Mtoni kaskazini ya mji hadi Kizimkazi, ncha ya kusini ya kisiwa. Sikuchukua dereva wala mwenyeji, maana aliye peke yake njiani husimama pale moyo unaposimama, wala hapana wa kumharakisha. Nilijipa swali moja la kwenda nalo: katika kila mahali nitakapotua, ni jina la nani lililoandikwa, na ni la nani lisiloandikwa? Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupima maneno, hilo si swali dogo.

Mtoni ndiko pa kuanzia, kwa kuwa ndiko ilikoanzia dola ya karafuu. Seyyid Said bin Sultan aliizuru Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na katika miaka michache iliyofuata akajijengea hapa kasri mbele ya bahari, kando ya kijito kilichopapa mahali jina lake. Leo ni gofu: kuta, matao, na mahamamu yaliyobaki bila ya paa. Lau si kitabu kimoja, tungekuwa tunayatazama mawe haya bila ya kujua sauti zilizokuwamo. Kitabu hicho ni kumbukumbu za Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa humu mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete. Kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Ndani yake Mtoni imejaa uhai. Anasimulia kuwa watu wa nyumba hiyo walikuwa kiasi cha elfu moja. Kwamba uani walitembea paa, tausi, heroe na mbuni. Kwamba mbele ya baba yao ilipasa kusemwa Kiarabu tu, lakini akigeuza mgongo husikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Mtafsiri yeyote husimama kidogo hapo. Mtoto aliyekulia katika lugha zote hizo ilimlazimu ahadithie utoto wake kwa Kijerumani, kwa wasomaji ambao hawajawahi kuliona embe mtini. Nasi Waswahili, tukitaka kuijua Mtoni, hupitia kwa Wajerumani na Waingereza ndipo tukarudi kwetu. Aidha, katika watu hao elfu moja, wanaotajwa kwa majina ni ndugu, mama wa kambo na wachache wengine. Waliochota maji ya mahamamu na kuwasha moto chini yake hutajwa kwa wingi wao tu, kama vile hutajwa majani ya mti.

Kutoka hapo barabara hupanda kidogo na kufika Bububu. Jina hili limewahangaisha wengi. Wapo wanaoshikilia kuwa ni mlio wa gari la moshi, kwa sababu kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini hadi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia 1905 garimoshi likapita karibu mno na milango ya watu. Ni maelezo matamu, ila tarehe hazikubali. Bibi Salme mwenyewe aliishi Bububu na kuitaja kwa jina hilo hilo katika kitabu kilichochapishwa miaka kiasi cha 20 kabla ya injini kufika. Wengine husema ni sauti ya maji ya chemchemi yakibubujika ardhini, na hao angalau wana chemchemi za kuonyesha. Kwa vyovyote, reli imekwisha zamani, abiria wake wametawanyika tangu miaka ya 1920, na jina limebaki. Funzo la kwanza la njia hii ni hilo: chuma huliwa na kutu, neno likabaki kinywani.

Kidichi iko juu ya mwinuko, ndani ya mashamba. Gari huliacha lami na kupita baina ya mikarafuu, midalasini na mifenesi, na ghafla huona kuba nyeupe. Haya ni mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, wa ukoo wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Ndani, chokaa imechorwa mauwa, mitende na ndege kwa ufundi wa Kiajemi, ufundi ambao mfano wake hauonekani kwa urahisi mahali pengine kisiwani. Unyevu umeipaka sehemu rangi ya kijani na nyeusi. Bibi Salme, ambaye alikuwa mtoto wakati huo, anamkumbuka mama huyo wa kambo kuwa alikuwa mpanda farasi na mpenda uwindaji, asiyeshika sana taratibu za ukaa-ndani. Ndoa haikudumu. Bibi akarejea kwao, hamamu likabaki.

Ukitoka nje ya kuba ukatazama pande zote, utaona kilicholipia nakshi zile. Karafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Inakubaliwa na wanahistoria kuwa Saleh bin Haramil al-Abry ndiye aliyeileta mbegu yake mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, akaipanda Mtoni na Kizimbani, karibu na hapa Kidichi. Seyyid Said baadaye aliyatwaa mashamba yake na kuwahimiza Waarabu wa Unguja kupanda karafuu. Kwa muda wa kizazi kimoja upande wa magharibi wa kisiwa, wenye udongo mzito na mvua ya kutosha, uligeuka msitu wa mikarafuu. Mkarafuu hauna subira: vikonyo vyake lazima vichumwe kabla havijachanua, kimoja kimoja, kwa mkono, kisha vianikwe. Kazi hiyo ilitaka watu wengi mno, na watu hao waliletwa kutoka bara kwa minyororo.

Tarehe za baadaye tunazifunza skuli. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa wenyewe, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ikataifishwa, na katika miaka iliyofuata wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Minazi na mikarafuu ninayoiona kandoni mwa njia ya Kidichi imo ndani ya mipaka ya eka hizo. Mwenye shamba hugeuka, sheria hugeuka, bendera hugeuka. Waliochimba mashimo ya miche ya kwanza hawana jiwe hata moja lenye majina yao. Hamamu la bibi aliyekaa miaka michache lina jina. Mtu aliyekaa umri wake wote juu ya ngazi ya mkarafuu hana.

Nilikata kati ya kisiwa nikaelekea Dunga, kwenye njia iendayo Chwaka. Hapa ndipo msafiri wa baharini hupotewa na hesabu yake, kwa sababu Dunga haikujengwa na Sultani wa Oman. Ilijengwa kati ya 1846 na 1856 na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad, mtawala wa asili wa Unguja, katika ukoo uliotawala kabla ya Waomani na uliowahi kushikwa na mwanamke, Malkia Fatuma, katika karne ya 17. Tumbatu walikuwa na mtawala wao mbali. Watu waliobaki wa kusini na mashariki walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu, na chini yake walikuwapo masheha wa vijiji. Seyyid Said hakumwondoa. Alimwacha na heshima yake, na Mwinyi Mkuu ndiye aliyekusanya kodi kwa watu wake, na sehemu ya kodi hiyo ikaenda kwa Seyyid. Basi Dunga ni jumba la mtu aliyekuwa mfalme kwa watu wake na mtoza ushuru kwa mwingine.

Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad alimfuata mwaka 1873 kwa ndui, na hakuwekwa mwingine. Ngoma mbili kubwa na siwa ya mbao, alama za enzi hiyo, zilihifadhiwa makumbusho mjini. Wazee huamini kuwa ngoma hizo zilikuwa zikilia zenyewe hatari inapokaribia. Jumba lenyewe liliachwa likaanguka. Waandishi wa zama za ukoloni walieleza kuwa magofu yalipokuwa yakisafishwa, palionekana mifupa ya watu katika misingi, na kisima kimojawapo kimejaa mifupa hadi nusu. Masimulizi ya kijiji husema ni ya watumwa waliouawa ili damu yao iimarishe jumba. Siwezi kuapa kwa masimulizi. Naweza kusema tu kwamba kijiji kinachosimulia hivi juu ya mfalme wake hakijamsamehe, na kwamba hukumu ya aina hiyo, isiyoandikwa na hakimu yeyote, nayo ni aina ya historia.

Waliotawaliwa kutoka Dunga waliitwa Wahadimu. Neno hili limetokana na Kiarabu, khadim, mtumishi. Litazame vizuri, msomaji. Watu waliokuwa huru, wenye mji na mashamba na mizimu yao, waliitwa watumishi kwa lugha ya mwingine, na jina likawagandama hata wenyewe wakajiita hivyo. Karafuu ilipotanda magharibi, wengi wao walisukumwa hatua kwa hatua kuelekea mashariki na kusini, kwenye maweni, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, amelieleza kwa kina jambo hili la uchumi wa karafuu na jinsi ulivyokigeuza kisiwa. Mimi naongeza jambo dogo la lugha: aliyekwisha kuitwa mtumishi, ardhi yake huonekana kuwa haina mwenyewe.

Mpaka huo wa udongo unaonekana kwa macho ukiendesha gari. Ukishapita Tunguu na Bungi, minazi mirefu hupungua, mawe meusi ya matumbawe huchomoza kandoni mwa njia, na mibuyu hushika zamu. Mabonde ya muhogo huwa mafupi, mengine yamezungushiwa ukuta wa mawe makavu dhidi ya nguruwe mwitu. Hakuna kasri upande huu. Hata hivyo hapa ndipo kilipo kitu kikongwe kuliko makasri yote.

Unguja Ukuu ni kijiji cha wavuvi na wakulima kwenye ghuba tulivu, kusini ya njia kuu. Mgeni akifika ataona madau, miti ya mikoko, na pwani yenye mchanga mweusi kidogo. Lakini tazama chini ya miguu: vigae. Wanaakiolojia waliochimba hapa, akiwamo Mzanzibari Abdurahman Juma, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2004, wameonyesha kuwa mji ulikuwapo tangu karne ya 6 au ya 7 na ukastawi hadi kiasi cha karne ya 10. Wamepata vyombo vya udongo vya wenyeji vyenye nakshi za pembetatu, vyungu vya rangi ya feruzi kutoka Ghuba ya Uajemi, kauri za China, vioo, na mabaki ya mtama na uwele. Katika miaka ya 1860 ilifukuliwa hapa hazina ya sarafu za dhahabu. Mojawapo ilikuwa dinari ya mwaka 182 Hijria, yaani 798 au 799, yenye jina la Jaafar, waziri wa Harun al-Rashid wa Baghdad. Al-Jahiz wa Basra, aliyeandika katika karne ya 9, alilijua jina la Lanjuya, na katika karne ya 13 Yaqut alieleza kuwa watu wake wamehamia Tumbatu.

Basi jina limo katika vitabu vya Waarabu, na jina limo katika dinari, ila ni la waziri aliyekuwa mbali kwa safari ya miezi. Aliyefinyanga chungu cha pembetatu hana jina. Lakini hapa nilianza kuona kitu ambacho Mtoni sikukiona. Wenyeji wamelihifadhi jina lao wenyewe, Unguja Ukuu, nalo ni sentensi nzima ya historia: kabla ya Unguja ya Forodhani ilikuwapo Unguja iliyokuwa kubwa, nayo ni hii. Kijiji kimeshika madai hayo kwa zaidi ya miaka elfu bila ya hati wala mhuri, wakati mji wa leo ulipokuwa bado ni kijiji cha wavuvi. Wachimbaji walipokuja na majembe yao, walichofanya ni kuthibitisha alichokuwa akisema kila mvuvi alipoulizwa anatoka wapi.

Kutoka hapo hadi Jozani si mbali. Msitu huanza ghafla. Jua huzimika, hewa hupoa, na mitondoo husimama juu ya ardhi yenye maji. Tangu 2004 msitu huu pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Barabara imewekewa matuta kwa sababu kima walikuwa wakigongwa mara kwa mara, na baada ya matuta kuwekwa katika miaka ya 1990 vifo hivyo vilipungua sana. Nilizima gari nikangoja. Walikuja juu ya matawi kundi zima, mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyeamshwa usiku.

Huyu ni mkaazi wa Unguja tu. Haonekani kwa asili mahali pengine duniani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikisia kuwa wamebaki zaidi ya 5,000. Wataalamu wamempa jina la Kirk, kwa heshima ya John Kirk, tabibu na balozi wa Uingereza hapa, yule yule aliyesimamia mkataba wa 1873. Paa nunga, mnyama mdogo na adimu wa msitu huu, ana jina la Aders, mtaalamu wa serikali ya kikoloni. Na chui wa Unguja alipewa jina hilo hilo. Hivyo hata wanyama wetu, katika daftari la dunia, wamekuwa ni mali ya maofisa wawili.

Wenyeji walimwita kima punju, na punju ni sumu. Waliamini kuwa mti anaoukalia hufa. Mtafsiri akilibeba neno hili kwenda lugha nyingine atalibeba na hukumu yake, kwa sababu kwa jina hilo kima alifukuzwa na kuuawa. Kweli ni kwamba yeye ndiye anayehangaika na sumu. Hula majani, na majani ya mkungu na ya mwembe yana kemikali nzito kwa tumbo. Basi kima wa maeneo ya mashamba wamejifunza kula mkaa kutoka kwenye matanuri yaliyokwisha, na mkaa hunyonya sumu hiyo. Wakulima waliwalaumu kwa kula vidaka vya nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa minazi waliyoila sana haikuzaa kidogo, bali mavuno yake yalikuwa mazuri, pengine kwa sababu vidaka vilivyopunguzwa viliwapa nafasi vilivyobaki. Siku hizi sehemu ya kiingilio cha wageni hurudi vijijini, na lile jina la sumu limeanza kusahauliwa na vijana.

Chui naye ana mkasa wake. Vijijini iliaminika kuwa wapo chui wanaofugwa na wachawi ili kuwatisha jirani zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalipita makundi ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, na mnyama akamalizwa kwa kosa la mtu. Kuelekea mwisho wa karne wataalamu wengi walimhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kamera ya watayarishaji wa kipindi cha televisheni ilinasa picha ya mnyama aliyedaiwa kuwa ni yeye, lakini picha hiyo haikuwatosha wote. Neno liliweza kumponza hata yeye mwenye makucha.

Baada ya Kitogani njia hugawika. Ya kushoto huenda Paje na hoteli zake, ya kulia huteremka Muyuni hadi Kizimkazi. Nilifika Dimbani alasiri. Msikiti wa Kizimkazi, ukiutazama kwa nje, hauna la kukustaajabisha: kuta za kawaida, paa la bati, mbuyu na makaburi ya zamani kandoni. Mlangoni nilimkuta mzee ananing'iniza kanzu yake kamba ya nguo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia marahaba, akaniuliza natoka mjini kwa nani, na kabla sijamaliza kujibu akaniambia, "Tia udhu kwanza, sheikh wangu. Maandishi hayakimbii."

Na kweli hayajakimbia. Yapo katika ukuta wa kibla, kandoni mwa mihrabu, yamechongwa kwa khati ya Kufi yenye maua, na yanaitaja Dhulqaadi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na maandishi mengine yanautaja mwaka 1184 Hijria, yaani 1770 au 1771. Lakini mstari ule wa Kufi ni miongoni mwa maandishi makongwe kabisa ya Kiislamu yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwaka 1922 mtaalamu S. Flury aliyachambua na kuyachapisha, na tangu hapo wamejadiliana: khati inafanana na ya Siraf, bandari ya Uajemi, je, fundi alitoka huko? Katika jiwe limo jina la aliyeamuru kujengwa, Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Masimulizi nayo yana lake: kwamba jina Kizimkazi limetokana na Mfalme Kizi na mwashi wake Kazi.

Nilikaa mbele ya maandishi hayo hadi alasiri ikasaliwa. Jina la aliyeamuru limo. Jina la aliyechonga halimo. Hata hivyo jiwe lenyewe linatoa ushahidi. Ni tumbawe, jiwe la bahari yetu, ambalo huchongwa likiwa bichi na laini, kisha hukauka likawa gumu. Kulijua wakati wake, kujua siku ngapi linakubali patasi na siku gani linakataa, ni elimu ya watu wa mwambao. Herufi huenda zilikuja na jahazi. Mkono ulijua tumbawe. Na hadithi ya kijiji, hata kama tarehe zake hazishiki, imefanya ambalo khati haikulifanya: imemweka mwashi ndani ya jina la mji, ubavuni mwa mfalme wake. Kizi na Kazi. Nani mwingine, katika njia yote niliyoipita, aliyepewa heshima hiyo?

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali nililotoka nalo. Walioandikwa kwa chokaa, kwa dhahabu na kwa Kufi ni walioamuru. Waliofanya kazi waliandikwa mahali pengine, katika maneno: katika Unguja Ukuu isiyokubali kuwa ndogo, katika Uhadimu uliokuwa tusi ukawa ukoo, katika hadithi ya mifupa ya Dunga, katika kima aliyehukumiwa kwa neno, katika Kazi aliyesimama sambamba na Kizi. Gofu likianguka serikali huweza kulijenga upya kwa saruji, vizuri au vibaya. Jina la kisima, la bonde, la mzimu au la mti, akifa mzee wa mwisho anayelijua, hapana mkandarasi wa kulijenga. Na majina hayo yanakwenda haraka. Vijiji vya pwani ya mashariki vimeshaanza kujulikana kwa majina ya hoteli zake.

Basi kazi hii si ya wahandisi peke yao, wala si ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale peke yake. Ni ya watu wa lugha. Kila skuli ya shamba ina watoto wenye mabibi na mababu, na kila babu ana orodha ya majina isiyokuwa katika ramani yoyote. Mwalimu mmoja, daftari moja na muhula mmoja vyatosha kuanza. Washairi wetu wa zamani walijua kuwa beti inaweza kumhifadhi mtu kuliko kaburi. Nasi tunaoupenda ushairi tuna deni la kuanzia hapo walipoishia, kwa kuwakusanya waliochimba, waliochuma, waliofinyanga na waliochonga, maadamu wapo wanaoweza kututajia.

Nilipotoka msikitini jua lilikuwa limeshuka juu ya bahari ya Dimbani, ambako hadi miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakivuliwa kuwa chambo cha papa na ambako leo wageni hulipa fedha kuwatazama. Mzee alikuwa bado yupo. Nikamwuliza mbuyu ule ulio kandoni unaitwaje. Akaniambia. Nikaliandika.